Anayefunga na Atakayekuja Kufungua

Nilifika Mbinga jioni nikiwa na daftari lenye kurasa tatu kuhusu vita ya Liuli, na sikuwa na swali lolote kuhusu pikipiki. Mpango ulikuwa mwepesi. Asubuhi ningechukua bodaboda, tuteremke na lami kilomita 66 hadi Mbamba Bay, kisha tushike njia ya kando ya ziwa kuelekea kaskazini mpaka Liuli, mahali ambapo Agosti 1914 meli ya Kijerumani ilipigwa mizinga ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Ningepiga picha, ningeongea na wazee wawili watatu, ningerudi kuandika.

Badala yake nilikaa siku moja na nusu kwenye gereji ya mabati nyuma ya stendi, nikimtazama mzee mmoja akitoa stadi iliyokatikia ndani ya injini. Habari za vita mtazipata humu humu, ila zimepitia kwenye tundu la milimita sita.

Kijana niliyepatana naye alikuwa na pikipiki ya Kichina ya cc 125. Alipoiwasha nikadhani mtu anagonga debe kwa nyundo. "Ekzosi imelegea kidogo, kaka," akaniambia. "Tunapita kwa fundi anaikaza, dakika mbili tu." Pale gereji msaidizi wa fundi, mtoto wa miaka kumi na saba hivi, akachukua spana namba 10, akachuchumaa mbele ya injini, akakaza nati ya kushoto. Ikazunguka robo. Ikazunguka robo tena. Halafu, tak! Nati na kipande cha chuma vikabaki ndani ya spana.

Mtoto akamwangalia fundi. Nilitegemea atukanwe. Mzee akaja polepole, akainama, akatazama kile kipande kilichobaki, akakigusa kwa ukucha.

"Haijakatika leo," akasema. "Leo imemaliza tu kukatika."

*

Kwa wasiojua: bomba la moshi la pikipiki limeshikwa kwenye injini na vyuma viwili vyembamba vyenye nyuzi pande zote mbili. Upande mmoja umezama ndani ya silinda hedi, upande wa pili unatokeza nje na kupokea nati. Mafundi wetu huviita stadi. Neno limetoka kwa Waingereza, lakini kwenye Kiswahili limekutana na stadi yetu ya zamani, yaani hodari, mjuzi wa kazi. Kwa hiyo unaweza kusikia gereji mtu akisema hii stadi inataka stadi, na hakuna anayecheka kwa sababu ni kweli.

Stadi ni ya chuma. Silinda hedi ni ya alumini. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Metali mbili tofauti zikigusana na maji yakaingia katikati, moja huanza kuliwa. Chuma nacho kwa upande wake kinashika kutu, na kutu hukaa nafasi kubwa kuliko chuma iliyotokana nacho. Alumini ikiliwa hutoa unga mweupe ambao nao unahitaji nafasi. Vyote hivyo vinatafuta mahali ndani ya tundu ambalo halina mahali. Matokeo yake stadi inabanwa na uchafu wake yenyewe, na kadiri miaka inavyokwenda inabanwa zaidi.

Ongeza joto. Moshi unapotoka kwenye silinda ni wa moto sana, na stadi zile mbili ndizo jirani zake wa kwanza. Kila safari zinapata moto, kila ukizima zinapoa. Tena ekzosi ya pikipiki hizi inatokea mbele ya injini, nyuma tu ya tairi la mbele. Kila dimbwi unalopita, tairi linachota maji na tope na kuyatupa palepale. Ziwa Nyasa ni maji baridi, halina chumvi ya kula vyuma kama pwani ya Tanga au Unguja. Lakini Mbinga ina mvua inayoanza mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, ina milima, na ina vijito vinavyokatiza njia za vijijini. Pikipiki inapanda na magunia ya kahawa hadi injini inanuka, halafu inaingia kwenye maji ya baridi hadi kwenye vikanyagio. Ukiwa wewe ndiye stadi, miaka mitano ya namna hiyo ni umri mrefu.

Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi. Yule mtoto hakukata kitu. Alikuwa mtu wa mwisho tu kwenye foleni ndefu.

*

Injini yenyewe ina ukoo, na ukoo huo unaanzia Japani. Mwaka 1976 Honda ilitoa pikipiki iliyoitwa CG125. Wahandisi wake walikuwa wamejifunza jambo kwenye nchi zenye joto na vumbi: wanunuzi wa huko hawakuendesha pikipiki kwa matembezi ya Jumapili. Walipakia mizigo, walipakia familia nzima, na hawakubadilisha oili kwa wakati. Injini za kisasa za siku zile, zenye kamshafti juu ya hedi, zilikufa mapema kwa kukosa oili safi. Honda ikarudi nyuma kwa makusudi, ikaunda injini ya fito za kusukuma valvu, ya mtindo wa zamani, yenye vitu vichache vya kuharibika. Ilikuwa injini iliyobuniwa kwa ajili ya mtu asiyeitunza.

Mfumo huo ulitengenezwa Brazili, ukatengenezwa Pakistani, na viwanda vya China vikaunakili kwa wingi mno hadi leo ni vigumu kuhesabu ni majina mangapi yamebandikwa kwenye injini ileile. Miaka ya 2000 nakala hizo zikaingia Tanzania kwa bei ambayo mkulima aliyeuza kahawa vizuri msimu mmoja angeweza kuifikiria. Kazi ya bodaboda, iliyoanzia kwa baiskeli kwenye mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia, ikapata miguu mipya. Mwaka 2010 serikali yetu ikatoa kanuni za kuipa leseni biashara ya kubeba abiria kwa pikipiki. Vijana walikuwa barabarani zamani, sheria ikawakuta huko.

Ninachotaka kusema ni hiki. Honda walimfikiria asiyetunza. Wakapunguza vitu vya kuharibika ndani. Lakini zile stadi mbili za nje, zinazopigwa moto nyuma na tope mbele, zilibaki chuma kwenye alumini. Na pikipiki nyingi hufika kwetu ndani ya boksi, vipande vipande, zikaunganishwa na vijana wanaolipwa kwa idadi wanayomaliza kwa siku. Nati inakazwa kavu. Hakuna anayepaka kitu. Anayeunganisha hatakuwepo siku ya kufungua.

*

"Chukua tindo, mzee, tuigonge itoke," alisema yule kijana wa bodaboda. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kama mtu anayeungua chini.

Mzee akamjibu bila kumtazama. "Mwanangu, chuma hakigombwi. Ukikigomba kinakujibu."

Nikamvuta kijana pembeni, tukanunua chai. Alikuwa kwenye mkataba. Bosi wake alimpa pikipiki, yeye anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku, na miezi kumi na minne ikitimia chombo kinakuwa chake. Alikuwa amebakiza miezi mitatu. Pikipiki ikilala gereji, hesabu hailali. Ikikosekana siku mbili, bosi anapiga simu. Ikikosekana wiki, bosi anakuja na funguo yake ya akiba. Kijana alikuwa amemwona rafiki yake akinyang'anywa chombo akiwa amebakiza siku arobaini. Kwa hiyo nilipomwambia tusubiri tu, hakuna haraka, Liuli haihami, alinitazama kwa adabu na hakusema kitu. Nikaona aibu. Mimi nilikuwa nasubiri vita ya mwaka 1914, yeye alikuwa anasubiriwa na simu ya jioni hiyo.

Nikamlipa nauli ya siku ile kama vile tumeenda. Alipokea kwa mikono miwili. Lakini haikutatua kitu, kwa sababu stadi ilikuwa bado ndani.

Mzee alifanya hivi. Kwanza alifungua bomba lote, akalivuta chini kidogo, na hapo tukaona kwamba nati ya kulia ilitoka kirahisi kupita kawaida. Akakunja uso lakini hakusema. Akasafisha sehemu yote kwa brashi ya waya. Kipande cha kushoto kilikuwa kimetokeza kama milimita tatu, hakitoshi kufunga nati mbili zikabanana, ambayo ndiyo njia ya kwanza ambayo fundi yeyote angejaribu. Akachanganya dizeli na mafuta ya breki kwenye kifuniko cha chupa, akadondosha tone kwenye mzizi wa kile kipande, akagonga kichwa chake kwa nyundo ndogo, kidogo sana, ti-ti-ti, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya mgonjwa. Akadondosha tena. Akagonga tena.

"Mtetemo unafungua njia," akanieleza. "Mafuta yanafuata. Sasa mwende mkalale."

"Mpaka kesho?" kijana akauliza.

"Imekaa humo miaka mingapi? Nayo ipewe usiku mmoja."

*

Usiku ule gesti nilifungua daftari langu, na kwa mara ya kwanza nikalisoma kama mtu wa gereji.

Ziwa hili halikupata meli za chuma kwa kuzileta zikielea. Zilikuja vipande vipande. Meli ya Kijerumani iliyopigwa Liuli iliitwa Hermann von Wissmann, kwa jina la yule mwanajeshi aliyezima upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani na baadaye akawa gavana. Ilipitishwa mto Zambezi na mto Shire ikiwa mabati, mbao na misumari ya ribiti, ikaunganishwa huku juu na kuingizwa majini mwaka 1893. Miaka michache baadaye wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, ambao misheni yao ilienea pande zote za ziwa na Liuli ikiwemo, waliagiza yao kutoka Glasgow. Waliiita Chauncy Maples, jina la askofu wao aliyezama ziwani mwaka 1895. Ilifika ikiwa vifurushi 3,481, na boila lake lilivutwa kwa magurudumu kando ya maporomoko ya mto Shire na mamia ya wanaume Wangoni. Iliingia majini mwaka 1901.

Fikiria vifurushi 3,481. Fikiria kufunga kila bolti, na fikiria zile zilizopotea njiani, na fundi wa Kiafrika ambaye jina lake halikuandikwa akiambiwa atengeneze nyingine inayofanana. Historia ya vyombo vya moto ziwani hapa ni historia ya kuunganisha. Waliochora walibaki mbali. Waliofunga na kufungua walikuwa huku.

Chombo kinachofungwa lazima kije kifunguliwe, na hapo ndipo vita ya Liuli ilipoikuta Wissmann. Wajerumani waliiita ghuba ile Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba uliowakumbusha ile sanamu ya Misri. Agosti 1914 meli ilikuwa pale imepandishwa kwenye gati la matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba Ulaya imeingia vitani. Upande wa Nyasaland nahodha Rhoades wa meli ya Gwendolen alikuwa ameshapata. Walikuwa marafiki, walizoea kunywa pamoja zilipokutana meli zao. Tarehe 13 Agosti Rhoades akafika na kuanza kufyatua mizinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alipanda mtumbwi kwa hasira na kwenda kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Akakamatwa mateka. Waingereza wakaisifu kwao kama ushindi wa majini, mmoja wa mwanzo kabisa wa vita ile. Mei 1915 wakarudi kuiharibu zaidi. Baada ya vita waliichukua, wakaitengeneza, wakaipa jina la mfalme wao.

Nilikuwa nimeisoma habari hii mara nyingi na kila mara nilicheka pale pa Berndt na mtumbwi. Usiku ule niliwaza watu wengine. Meli ikiwa juu ya gati, imefunguliwa, kuna watu chini yake. Kuna anayekwangua kutu, kuna anayeshika taa, kuna kijana aliyetumwa spana. Risasi ya kwanza ya vita ya wakubwa iliwakuta watu wakiwa kwenye matengenezo.

*

Asubuhi saa mbili tulikuwa gereji. Kijana alikuwa hajalala vizuri. Bosi alishapiga.

Mzee akachomoa waya za betri kwanza, ili umeme wa kuchomelea usipite kwenye taa na vikorokoro vingine. Akachukua nati kubwa kidogo kuliko kile kipande, akaivalisha juu yake. Halafu akaijaza katikati kwa mashine ya kuchomelea, sekunde chache tu. Nilidhani ataunganisha na hedi yenyewe. Akacheka. "Fimbo hii ni ya chuma. Haishiki alumini. Inamshika ndugu yake tu."

Na kuna faida ya pili ambayo sikuijua. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukichomelea, moto unakwenda ndani, tundu linapanuka kuliko stadi iliyomo, na ile kutu iliyoshikana inapasuka. Mzee akasubiri wekundu upotee, akatoa kipande cha mshumaa mfukoni, akakigusisha kwenye mzizi. Nta ikayeyuka na kunyonywa ndani kama maji kwenye mchanga.

Akaweka spana. Hakuvuta kwa nguvu. Akasogeza mbele unywele mmoja, akarudisha. Mbele, akarudisha. Nikamuuliza kwa nini anakaza wakati anataka kufungua.

"Ukienda upande mmoja tu unakusanya uchafu mbele yako, unajibana mwenyewe. Ukirudi unausaga."

Baada ya kama dakika kumi ikatoka, nyeusi, imeliwa kiunoni kama mua uliotafunwa. Kijana akapiga makofi. Mzee hakupiga. Alikuwa anaangalia upande wa kulia, ule ambao nati yake ilitoka kirahisi.

Akashika stadi ya kulia kwa vidole. Ikacheza. Akaivuta kwa plaizi, bila kuizungusha, ikatoka yote kama jino la mtoto. Ilikuwa bolti iliyokatwa kichwa, imezungushiwa gundi ya chuma ya kijivu. Ndani, tundu lilikuwa limetobolewa upande, halikuwa katikati, na nyuzi zilikuwa zimeisha.

Tukanyamaza wote.

Mtu fulani, gereji fulani, alikata stadi hii zamani. Akajaribu kuitoboa bila kuweka alama ya katikati kwa senta panchi, drili ikateleza ikala alumini ambayo ni laini. Akaona ameharibu. Badala ya kumwambia mwenye chombo, akapachika bolti kwa gundi, akasafisha, akapokea pesa. Gundi ile haivumilii moto wa ekzosi. Ilidumu kiasi cha pikipiki kuuzwa au kukabidhiwa mkononi mwa mwingine. Stadi ya kushoto ikabaki inafanya kazi ya mbili, inatikiswa peke yake, mpaka jana asubuhi.

"Nilikabidhiwa hivi," kijana akasema polepole. Alikuwa anahesabu miezi kichwani, nadhani. Miezi kumi na moja ya hesabu kwa chombo ambacho kilikuwa kimeshaharibiwa na kufichwa kabla hajakigusa.

Mzee hakulaani mtu. Alisema tu, "Aliyefanya hivi alijua mwingine atakuja."

*

Sentensi ile ndiyo ilinikumbusha Kigoma.

Wajerumani walikuwa na meli nyingine, kubwa zaidi, kwenye Ziwa Tanganyika. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg mwaka 1913 kwenye kiwanda cha Meyer, ikafunguliwa tena, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa Reli ya Kati hadi Kigoma. Mafundi waliokuja nayo, akiwemo Anton Rüter, waliiunganisha pamoja na vibarua wengi wa hapa hapa. Iliingia ziwani Februari 1915. Julai 1916 majeshi ya Wabelgiji na Waingereza yalipokaribia, amri ikatoka izamishwe isiangukie mikononi mwa adui.

Mafundi walitii, lakini kwa namna yao. Kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi, tabaka nene, kila mahali. Halafu wakaishusha chini ya maji. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena kwenye dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, karibu miaka minane tangu izamishwe, na walipofungua wakakuta injini na boila bado vinafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Injini zile za mvuke ziliendelea hadi miaka ya 1970 ndipo zikawekwa za dizeli. Vizazi vya watu wa Kigoma na Kasanga vimesafiri juu ya grisi ile.

Sitaki kuwafanya watakatifu. Hawakupaka kwa upendo wa Watanganyika. Walitegemea kurudi wenyewe, ushindi ukipatikana. Ni grisi ya mkoloni aliyetaka koloni lake. Lakini walizamisha chombo huku wakimfikiria mtu wa kesho mwenye spana mkononi, na mtu huyo alipokuja, ingawa hakuwa waliyemtarajia, spana ilizunguka.

Fundi wa gundi naye alimfikiria mtu wa kesho. Alimfikiria kama mtu wa kumkimbia.

Ndiyo tofauti yote, na ninaiona kila mahali sasa. Tunapenda kuandika historia ya wanaojenga na wanaobomoa, nani alizindua, nani alipiga mizinga. Ipo historia nyingine ya wanaofunga, ambayo inapimwa siku ya kufungua. Barabara iliyojengwa bila mtaro inasema jambo kuhusu aliyeipokea. Faili la ofisini lililopangwa vizuri linasema jambo kuhusu karani aliyestaafu zamani. Mtu anapofunga bolti kavu kwa sababu atakuwa ameshaondoka, kuna mtu mwingine, mara nyingi maskini kuliko yeye, anayeachiwa deni.

*

Tundu la kulia lilichukua saa tatu. Mzee alifungua hedi yote, akaiweka kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mbao. Akatafuta katikati ya kweli ya tundu kwa kupima kutoka ukingo, akapiga senta panchi, akatoboa kwa drili ndogo, kisha kubwa zaidi, akidondosha mafuta ya taa ili alumini isigande kwenye drili. Tundu la sita halikuwezekana tena. Akapanua hadi kuingia tepu ya nane, akachonga nyuzi mpya, nusu mzunguko mbele, robo kurudi, ileile kanuni ya asubuhi. Akapanua kwa tupa tundu la kola ya ekzosi upande huo ili stadi nene ipite.

Yule mtoto msaidizi ndiye aliyepewa kufunga stadi mpya. Kabla hajaingiza, mzee akamsukumia kopo. Grisi nyeusi, ile inayovumilia moto. Mtoto akapaka nyuzi kidogo. Mzee akatikisa kichwa. Akapaka tena. Gasketi mpya, kola, nati mbili, zikakazwa kwa zamu, kushoto kidogo, kulia kidogo, bomba likae sawa.

Halafu mzee akafanya kitu ambacho nilikuwa nimeshafunga daftari, nikalifungua tena. Alichukua msumari mgumu, akachora kwenye pezi la alumini juu ya stadi ya kulia, herufi na tarakimu ndogo: M8.

"Hii ni ya nini?" nikauliza.

"Atakayekuja kufungua ataona upande mmoja spana inaingia, upande mwingine haiingii. Asije akadhani ni kutu akalazimisha."

Bei aliyotaja ilikuwa ndogo kuliko niliyoogopa. Kijana alitoa nusu, mimi nusu, ingawa alibisha. Tuliteremka mchana ule. Injini ilikuwa kimya kiasi kwamba kwenye kona za mlimani nilimsikia kijana akiongea na simu bila kupaza sauti, akimwambia bosi kwamba hesabu ya jana na ya leo anayo, na kwamba kuna bolti ya gundi anayo pia, ameifunga kwenye nailoni, angependa waitazame pamoja.

Liuli tulifika jua likiwa limeinama upande wa Malawi. Hospitali ya misheni ipo, mwamba upo majini, watoto wanaogelea pale ambapo meli ilipandishwa. Nilipiga picha nilizokusudia. Kijana alibaki kwenye pikipiki. Nilipogeuka nilimkuta amechuchumaa mbele ya injini inayopoa, anaweka kidole karibu na ile M8 bila kuigusa, kwa sababu ilikuwa bado ya moto.